Wapangaji Wawili, Diski Moja

"Shikamoo mama. Ripoti yangu imegeuka mishale."

Hivyo ndivyo kijana mmoja wa chuo alivyonieleza shida yake, Mei 2022, mkono wenye flashi ukiwa umenyooshwa juu ya kaunta. Nilimwelewa papo hapo. Mwenye steshenari jirani na chuo anazijua flashi kama muuza samaki anavyomjua samaki aliyelala. Kuna kirusi kinachoficha folda zako zote, kisha kinaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, kila moja na kamshale kadogo kwenye kona. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, hushtuki. Kumbe kirusi nacho kimeshaamka, kimehamia kwenye kompyuta, kinangoja flashi nyingine ichomekwe. Kwangu, wakati wa kukusanya kazi za chuo, zinachomekwa flashi thelathini kwa siku. Duka langu hapa Morogoro lilikuwa zahanati inayowaambukiza wagonjwa wanaokuja kutibiwa.

Aliyenitoa tongotongo ni fundi mmoja, rafiki wa mdogo wangu. Alichukua ile flashi ya mishale, akaichomeka kwenye laptopu yake yenye Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na folda halisi zikaonekana zote, maana mfumo ule haujali alama ya "fichwa" ambayo kirusi kilizibandika. Mishale nayo ilikuwepo, lakini imelala tu, mafaili yasiyo na wa kuyaamsha. "Huku hakiumi," akasema. Alinakili ripoti kwenye folda mpya, akairudishia flashi, kazi imekwisha kabla kijana hajamaliza kulaumu marafiki zake.

Siku ile niliamua na mimi niwe na Ubuntu. Jina lenyewe lilinivutia, nikiri. Ni neno la Kizulu na Kikhosa, na ukilitazama vizuri utaona "utu" wetu umekaa humo ndani. Ila kuiacha Windows sikuweza. Kadi za harusi na za michango natengeneza kwenye Publisher, picha za pasipoti kwenye Photoshop, na printa yangu kubwa draiva yake, ile programu ya kuiendesha, ilikuja ya Windows pekee. Kuna njia ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, kama chumba ndani ya chumba, lakini kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7040 ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, na wakati huo ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Kugawana hizo nne kwa wawili wanaofanya kazi kwa pamoja ni kumnyonga kila mmoja. Nikachagua waishi kwa zamu: unawasha kompyuta, menyu inakuuliza unataka nani, anaamka mmoja, mwingine analala.

Faili la Ubuntu 22.04 lilikuwa linazidi GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku. (Namba hiyo ya 22.04 ni tarehe tu: mwaka 2022, mwezi wa nne. Nilipojua hivyo niliacha kuogopa namba zao.) Nikalipika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, ili kompyuta iweze kuwakia humo. Mpaka hapo mambo ni laini.

Kilichoniponza ni kupenda mpangilio. Diski yangu ilikuwa ya GB 500, imegawanywa patisheni, yaani vyumba, mbili kubwa: C yenye Windows, na D yenye kila kitu cha duka. Ili mfumo wa pili upate pa kulala, unamega nafasi. Kifaa cha Windows chenyewe kilinikatia GB 60 kutoka mkiani mwa D bila shida, na Ubuntu inataka GB 25 tu kwa kuanzia. Ningeishia hapo. Lakini nilipotazama mchoro wa diski, C, halafu D, halafu ile nafasi tupu mwishoni, roho haikutulia. Nilitaka nafasi tupu ikae katikati, mifumo miwili ipakane, mizigo ikae mwisho. Nani alinituma? Nikawasha kompyuta kwa ile flashi, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski, nikaiambia isogeze D kwenda kulia.

Kusogeza patisheni si kusogeza kabati. Kila kilichomo kinanyanyuliwa kipande kwa kipande na kuandikwa mahali pengine. Skrini ikaniambia yamebaki masaa matano. Saa mbili usiku nikafunga duka nikaenda zangu nyumbani, kompyuta nikaiacha inahangaika.

Mita ya LUKU tunachangia na saluni ya jirani. Tuna utaratibu: wiki hii ananunua yeye, wiki ijayo mimi. Wiki ile ilikuwa yangu, taa ya mita ilikuwa nyekundu tangu jioni, na mimi kichwani nilikuwa na patisheni. Asubuhi nilikuta duka giza. Nikanunua umeme kwa simu, nikabonyeza zile tarakimu 20 kwa vidole vinavyotetemeka, nikawasha. Windows ikaamka kama haijui kitu, C ilikuwa nzima. D haikuwepo.

Miaka mitatu ya kazi. Sampuli za kadi, barua za ofisi za watu, mitihani ya shule mbili za msingi, picha za pasipoti. Yule fundi alikuja na diski ya nje ya kuazima, akaendesha PhotoRec kwa siku mbili. Programu hiyo inachimbua mafaili moja kwa moja kwenye diski bila kujali orodha iliyoharibika, lakini haiwezi kukurudishia majina. Nilipata maelfu ya nyuso za watu wanaotazama mbele bila kutabasamu, mandhari ya bluu, kila mmoja anaitwa herufi f na msururu wa namba. Nilikaa nikizipitia jioni baada ya jioni. Wengine niliwakumbuka, huyu alikuwa anaomba kazi ya ulinzi, huyu mama alikuwa anafungua akaunti ya kikoba. Wengi sikuwakumbuka kabisa. Sampuli za kadi sikuzipata hata moja ikiwa nzima.

Baadaye nilijifunza kwamba Ubuntu haijali imewekwa wapi kwenye diski, mwanzo, kati au mkiani. Nilipoteza D kwa ajili ya mchoro upendeze.

Usimikaji wenyewe nauruka. Ulichukua kama nusu saa, mara hii LUKU imejaa. Nilipowasha tena, ikatokea ile menyu ya GRUB, nyeusi na maandishi meupe: Ubuntu juu, Windows Boot Manager chini. Nikaona nimekuwa fundi.

Wiki ya pili saa ikaanza uchawi. Nikiwa Windows, saa nne na robo asubuhi, kona ya skrini inasema 7:15. Narekebisha. Kesho yake tena. Sisi tumezoea kugeuza saa sita kichwani kila siku, mtu akiona 7:15 anasoma saa moja na robo, hivyo mwanzoni nilidhani kuna aliyechezea mipangilio akataka saa za Kiswahili. Ila hesabu haikukubali, tofauti ilikuwa tatu na si sita. Nikasema betri. Kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, kuna kibetri cha duara, CR2032, kinachoilinda saa wakati umeme umezimwa. Nikanunua kipya, nikafungua kompyuta, nikabadilisha. Saa ikaendelea kupotea. Kibetri cha zamani ninacho bado kwenye droo, kizima.

Katikati ya hayo kijana mmoja akaniuliza, "Mama, muda wa kukusanya unaisha saa sita, nitawahi kweli?" Nikatupa jicho kwenye kona ya skrini, nikamwambia wala usihangaike, saa nne hii. Ilikuwa saa saba. Alichonijibu baada ya kutazama simu yake sikiandiki hapa, na sikumtoza hela ya kuprinti.

Kisa ni hiki. Saa ya ubao mama ni moja, na mifumo hii miwili inaisoma kwa imani tofauti. Windows inachukulia kwamba kilichoandikwa pale ni saa ya hapa tulipo. Ubuntu inachukulia kwamba ni saa ya dunia, UTC, kisha yenyewe inaongeza tatu kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ubuntu ikipata intaneti inasahihisha saa na kuiandika kwenye ubao kwa UTC. Ukihamia Windows, inasoma ile ile bila kuongeza kitu, umerudi nyuma masaa matatu. Hakuna aliyekosea. Dawa yake ni kumwambia mmoja afuate desturi ya mwenzake, na kwa Ubuntu ni mstari mmoja tu: timedatectl set-local-rtc 1. Ukiuandika, mfumo unakuonya kwamba utaratibu huo unaleta matatizo mahali wanaposogeza saa mbele na nyuma kufuata majira. Sisi hapa hatusogezi saa, ni +3 Januari mpaka Desemba. Onyo nililisoma, nikalishukuru, nikalipita.

D mpya nayo ilikuwa na vituko vyake. Niliitengeneza kwa mtindo wa kupanga mafaili uitwao NTFS ili mifumo yote iisome, kwa kuwa Windows haisomi ext4, mtindo wa Ubuntu, hivi hivi. Siku nyingine Ubuntu inaandika humo vizuri, siku nyingine inasema D ni ya kusomwa tu. Ilinichukua karibu miezi miwili kuuona mtindo: ilikuwa inagoma asubuhi. Mchana, nikihama kutoka Windows kwa kuwasha upya, hakuna shida. Asubuhi, baada ya Windows kuzimwa usiku, inagoma.

Kwenye Windows 10 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, mfumo hauzimiki wote. Kiini chake kinaandikwa kwenye diski kikiwa na kumbukumbu ya mambo yalivyokuwa, ili kesho kiamke upesi. Ukibonyeza Restart, kinazimika kweli. Kwa hiyo usiku Windows ilikuwa inalala na ufunguo wa D mfukoni, na Ubuntu ikifika asubuhi inaona chumba bado kina mwenyewe, inachungulia tu dirishani. Ubuntu ilikuwa na adabu. Asiye na adabu nilikuwa mimi. Nilipata amri ya kuvunja mlango, nikauvunja, nikaandika humo mtihani wa darasa la sita niliokuwa nimeutaipu asubuhi nzima. Jioni Windows ikaamka na picha yake ya jana kichwani, picha isiyo na huo mtihani, na mtihani ukapotea. Nikautaipu upya usiku. Kesho yake nikafungua dirisha la amri la Windows kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off, na tangu hapo D haijagoma tena. Faida ya pembeni: ile amri ilifuta faili kubwa la kulalia, nikapata GB kadhaa kwenye C.

Na kirusi je? Hapo ndipo nilipojiaibisha zaidi, kwa kuwa ndicho kilichonileta huku. Nilishazoea kupokea flashi kwa upande wa Ubuntu, najiona daktari aliyevaa glavu. Siku moja foleni ndefu, nikanakili folda nzima ya mteja kwenye D bila kuchagua, mishale na vyote. Jioni, nikiwa Windows, nikaikuta ile folda, nikabofya mshale. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Ubuntu haiponyi kitu, inashindwa tu kuugua. Uchafu unaobebwa kupitia D unafika Windows ukiwa mbichi vile vile. Siku hizi nanakili hati moja moja, na mishale naifuta mbele ya mteja akiona.

Printa sina mengi. Ile ndogo Ubuntu iliitambua yenyewe, hata sikuambiwa niweke kitu. Ile kubwa ilikataa, nikaacha kubembeleza. Tabu iliyobaki ni mwandiko: ripoti iliyoandikwa kwa Calibri na Times New Roman ukiifungua kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ya upande wa Ubuntu, inavalishwa Carlito na Liberation Serif, herufi zilizopimwa upana ule ule ili mistari isihame. Kwa kurasa za kawaida inakubali. Kwa tasnifu yenye majedwali na yaliyomo ya kujipanga yenyewe, usijaribu. Jedwali litavuka ukurasa na mwenye tasnifu atazimia dukani kwako. Kazi za namna hiyo nazifungua Windows, nazigeuza PDF huko huko.

Mwaka 2024, likizo ya Juni, mpwa wangu alikuja kunisaidia. Kijana mzuri, mwepesi, anayependa kutafuta kazi kabla hajatumwa. Nilienda msibani Kilosa siku mbili. Yeye akafungua kifaa cha diski upande wa Windows, akaona patisheni ya GB 60 haina jina wala herufi, akaona ni nafasi inayooza bure. Akaifuta. Akatengeneza drive E, akajaza muvi.

Niliporudi nikawasha: skrini nyeusi, neno grub, na kialama cha > kinachongoja. Menyu ile iliyokuwa inatuuliza tunataka nani, mipangilio yake ilikuwa inakaa kwenye patisheni ya Ubuntu. Mpangaji amefukuzwa na daftari la mlinzi wa getini ametoka nalo. Watu wanne kwenye foleni, mpwa wangu amejibanza kwenye fotokopi. Hapo ndipo uchungu wa miaka miwili uliponilipa. Nikazima, nikawasha huku nabonyeza F12, ikaja orodha ya ubao mama wenyewe, nikachagua Windows Boot Manager, ikawaka. Windows haikuwa imeguswa. Kilichopotea ni njia ya kuifikia, nayo Dell ina ya pili. Kwenye kompyuta nyingine kitufe kinaweza kuwa F9 au Esc. Ukiijua ya kwako kabla ya siku ya msiba, ni nusu ya ufundi.

Sikumgombeza sana. Mimi nilipoteza D nikitafuta urembo, yeye alifuta Ubuntu akitafuta nafasi. Ndugu wa damu. Ubuntu niliisimika upya jioni ile, safari hii toleo la 24.04, na kwa kuwa kazi zote zilikuwa D, hakikupotea kitu ila mipangilio na muvi zake, ambazo nilizifuta bila huruma.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Kompyuta yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na orodha ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha wachache wa kizazi cha saba. Wenzangu wa mtaani walihangaika. Mimi nilibadilisha tu mgawanyo wa kazi: Ubuntu ndiyo inatoka nje, intaneti, barua pepe, maombi ya mikopo ya wanachuo, flashi za watu. Windows ni ya ndani, kadi, picha na printa kubwa, na nikiingia huko nachomoa kidude cha Wi-Fi. Kwenda na kurudi ni kama dakika mbili, naweka kazi za Windows pamoja nizifanye kwa mkupuo mmoja. Mteja wa kadi naye ameshazoea kuambiwa aje saa tisa.

Mwezi uliopita nilinunua SSD, diski ya kasi, ya GB 240, nikamhamishia Ubuntu huko peke yake. Windows na D wamebaki kwenye diski ya zamani. Nakala ya D inakwenda kwenye diski ya nje kila Jumamosi, mpwa wangu ndiye aliyeiandikia ratiba ukutani kwa maka pen nyekundu, na chini yake ameandika USIFUTE, sijui anamwambia nani. UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nimenunua pia, inashika dakika kumi, zinatosha kuzima kwa heshima.

Mita ya LUKU ndiyo bado tunachangia na saluni.